Springi Zilizovunjika

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo. Najua umeitwa mahali, na hao waliokuita watakuuliza kazi uliyoifanya miaka yote hii, na umeanza kuogopa kabla siku yenyewe haijafika. Usione haya. Nitakusimulia habari za mtu mmoja aliyeogopa kuliko wewe, na zangu mimi niliyeogopa kuliko yeye. Nitakwenda polepole. Pale nitakapokuacha, rudi nyuma, nitakuwa bado nipo.

Tulimwita Fundi, basi. Sumbawanga ya wakati wa Waingereza ilikuwa na mafundi wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa kuezeka bati. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua ni yule wa springi, aliyefanya kazi kwenye banda nyuma ya duka la Tajiri. Tajiri alikuwa Mwislamu mwenye duka la vitambaa na malori matatu, na bila Fundi malori hayo yangekuwa mabanda ya kuku. Mimi nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya barabara ya serikali. Nilipanga chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa banda lile, kwa hiyo kwa miaka sita niliamshwa na mvukuto wake wa kupulizia moto. Asubuhi ulipochelewa kupumua, nilijua Fundi anaumwa.

Ngoja kwanza nikueleze springi ni nini, maana bila hiyo hutaelewa kilichotutisha. Chini ya lori kuna mabamba ya chuma yaliyolaliana, refu juu, fupi chini, yamefungwa pamoja katikati kwa boliti. Gurudumu likiingia shimoni mabamba hujipinda, kisha hurudi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kujipinda na kurudi. Chuma laini hujipinda kisirudi. Chuma kigumu mno hakijipindi, huvunjika. Fundi wa springi hutafuta mahali padogo sana kati ya hapo na hapo, na hupatafuta kwa macho, katika rangi ya moto.

Sasa ongeza barabara ya kushukia bonde la Rukwa. Uwanda wa Ufipa unakatika ghafla kama ukingo wa meza, na barabara inajining'iniza ukutani hadi chini. Ukiwa juu ya lori mahali pale unaona migongo ya ndege wanaoruka. Springi ikikatika hapo, ekseli huhama, na gurudumu huenda linakotaka lenyewe. Nilipita njia ile mara nne kwa kazi ya serikali, na mara zote nne nilifumba macho, nikamwomba Mungu, na nikaiomba mikono ya Fundi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda lori kushuka bonde. Alikwenda kwa miguu. Madereva walimcheka sana kwa hilo.

"Fundi, springi ni zako, mbona huziamini?"

"Naziamini. Nisiyemwamini ni wewe."

Mbele ya moto alikuwa na majibu ya namna hiyo tele. Dereva akija kumharakisha, "Fundi, itakuwa tayari lini?" atamjibu, "Chuma kikipoa." "Kitapoa lini?" "Ukiacha kukipulizia maneno." Katika mfuko wa aproni yake ya ngozi alikuwa na kifuko cha unga wa mahindi uliochekechwa laini, na springi ikikamilika alikuwa akiipakapaka mafuta ya taa, anaifuta hadi ikauke, kisha anainyunyizia ule unga na kuinamia kama anayesoma barua. Watu walimaliza mzaha wote juu ya jambo hilo. "Fundi, leo mboga gani?" Naye: "Ulimi wako, ukiuleta karibu na koleo." Kwa nini alifanya hivyo, hakumwambia mtu. Mimi nilidhani ni dawa ya kwao.

Lakini mtoe bandani, mweke mbele ya meza, na mtu yule hakuwepo tena.

Aliogopa meza. Sikuambii alizichukia, aliziogopa, kama wengine wanavyoogopa mbwa. Ujanani alikwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge huko pwani, na karani mmoja aliyekaa nyuma ya meza alimwekesha dole gumba kwenye karatasi. Aliambiwa ni miezi kadhaa. Karatasi ilisema zaidi, na mara mbili muda ukaongezwa tena. Alirudi Ufipa mifupa mitupu, mama yake akamtambua kwa kovu. Tangu hapo nyumbani kwake walikula mkekani. Hata dukani kwa Tajiri alizungumza akiwa mlangoni.

"Ingia basi, Fundi. Kaunta haiumi!"

"Haikuumi wewe, Tajiri. Wewe uko nyuma yake."

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, alikaa benchi la mwisho, na alimpa padri misumari ya bure. Hata hivyo ndani ya banda lake hukuruhusiwa kusifu kitu. Siku moja, nikiwa mgeni na mjinga, nilitazama springi aliyokuwa ameikaza tayari chini ya lori nikasema, "Fundi, hii nzuri sana." Alilala chini, akaifungua, bamba moja moja, akayarudisha yote motoni. Dereva alinitukana mimi na ukoo wangu. Fundi akaniambia taratibu, "Umeisifu kabla haijapita bondeni. Ikirudi, utaisifu, nami nitatoka nje nisisikie."

Baadaye alinieleza. Ukoo wake ulikuwa wa watu walioyeyusha chuma zamani, kwenye yale matanuru marefu ya udongo ambayo mengine bado yamesimama katikati ya mashamba ya ulezi. Kwao, kabla ya kuwasha tanuru, wazee walikaa chini wakatajiana yale yaliyowakataa: hili halikutoa chuma kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, lile lilipasuka kwa sababu udongo ulikuwa na mchanga. Wakimaliza kutaja, ndipo moto unawashwa. Tanuru lililofaa halikutajwa kabisa. Mtu aliyetaja chuma alichokiweza alihesabiwa kuwa anakiita kije kumvunjikia.

Ni desturi nzuri kwa watu wanaojuana. Mbele ya mgeni mwenye kalamu ni hatari, na mwaka mmoja hatari hiyo ilifika mlangoni.

Tajiri aliuza malori akaamua kuhamia Mbeya. Wakati huohuo ofisi yetu ilikuwa inafungua karakana ya serikali, na Mzungu aliyeisimamia, tuliyemwita Bwana Barabara, alitaka mtu mmoja wa springi. Kwa Fundi hapakuwa na njia ya tatu: ama nafasi ile, ama lile gari la kukusanya watu wa mkonge lililokuwa likisimama sokoni. Alikuwa amepita miaka hamsini. Waliokwenda mkonge na umri ule tulikuwa tukirudishiwa blanketi zao.

Mke wake alinisubiri njiani, ndoo mkononi, nikitoka kisimani. Alikuwa mama mfupi, asiye na maneno mengi.

"Karani, ni wewe utakayekuwa mdomo wake?"

"Ndimi, mama."

"Mbele ya meza baba watoto huwa gogo. Usimwache awe gogo."

Nikamwahidi. Niliahidi upesi, kama mtu anavyoahidi akiwa bado yuko nje.

Na mimi nilikuwa na woga wangu. Mkalimani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuongeza maneno ya watu. Bwana Barabara alituita sote tushuhudie, akasema mkalimani ni bomba, maji yaingiayo ndiyo yatokayo, na bomba linalovuja hutupwa. Sikuwa na shamba la maana. Nilikuwa na wadogo zangu wawili shuleni misheni. Kila nilipoketi kati ya Bwana na mtu, nilihesabu maneno yaliyoingia na yaliyotoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya Juni, baridi ya Ufipa inayouma masikio. Bwana alikuwa na kikombe cha chai, anakikoroga polepole huku akiandika kwa mkono mwingine. Fundi aliingia ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilimvutia kiti. Akakaa pembeni kabisa mwa kiti, macho kwenye ubao wa meza, na jasho likamtoka katika baridi ile.

Bwana aliuliza amefanya kazi miaka mingapi.

"Mingi," akasema Fundi.

Nikatafsiri. Bwana akangoja. Hapakuwa na zaidi.

Akataka atajiwe kazi moja aliyoifanya vizuri, na jinsi alivyoifanya.

Nikamgeuzia Fundi swali lile, na nikaona uso wake unafunga. Alikuwa ameombwa jambo ambalo baba yake angempiga kwa ajili yake. Akalamba midomo.

"Hakuna," akasema.

Wewe unayekwenda kuulizwa, tazama hapo vizuri. Mtu yule alikuwa amebeba nusu ya malori ya Ufipa mgongoni mwake, na aliulizwa ametengeneza nini, akajibu hakuna. Si kwamba hakuwa nacho. Mlango waliomfungulia haukuwa wa nyumba yake.

Nikatafsiri: hakuna. Bwana akaweka kalamu chini. Akilini nikamwona yule mama njiani na ndoo. Basi nikafanya jambo nililokatazwa, nikasema neno ambalo halikuingia kwangu kutoka kwa yeyote.

"Bwana, niwie radhi. Kwao mtu wa chuma hataji kilichofaa. Ukimuuliza springi zilizomvunjikia, atakujibu."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Muulize."

Nikamuuliza. Na Fundi, kwa mara ya kwanza, akainua macho kutoka kwenye ubao.

"Zilizovunjika? Zipo."

Akaanza na lori la mahindi lililotoka Laela. Springi yake haikuvunjika, ililala, gari likaja limeegama kama mbuzi mgonjwa. Alijua kwa nini. Baada ya kuzimisha chuma cha moto kwa kukichovya kwenye mafuta, chuma hurudishwa motoni kidogo tu ili kiache ukali, na siku ile alikirudisha kupita kiasi. Alikuwa akitazama rangi huku jua likimpiga usoni, na jua hudanganya rangi. Tangu siku ile alijenga ukuta wa matete upande wa jua, na badala ya kutegemea macho peke yake alikisugua chuma kwa kijiti kikavu. Kijiti kikitoa moshi bila kuwaka, chuma kimefika.

Nikatafsiri. Bwana alishika kalamu tena.

Ya pili ilikatika katikati, penye tundu la boliti. Dereva alilaumu chuma. Fundi aliokota vipande, akatazama mvunjiko wake. Chembe zake zilikuwa laini kama unga wa ulezi, na chuma chenye chembe hizo ni kizima. Kumbe nati za kukazia zililegea, springi ikawa inacheza. "Chuma hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, sikurudi kukaza baada ya safari ya kwanza. Sasa lori likirudi safari ya kwanza, silisalimii kabla sijakaza nati."

Bwana akacheka kidogo. Nikaanza kupumua. Niliona kabisa Fundi anapanda ngazi, hatua kwa hatua, na hajui kama anapanda. Kila alipotaja kosa, aliweka na namna alivyolijua, na kile anachofanya tangu siku hiyo. Mtu ambaye hakuwahi kushika chuma angemwelewa.

"Ya tatu," akasema, na sauti ikashuka. "Ya tatu iliua mtu."

Nikageuka kumtazama. Hakunitazama.

Alisema mafuta yalikuwa yamekwisha na Tajiri alikuwa na haraka. Alizimisha bamba lile majini, asubuhi ya baridi kama hii. Maji hukigutusha chuma cha springi, kikaingia ufa mwembamba kuliko unywele. Hakuuona, kwa sababu hakuutafuta. Kwenye kona ya pili ya kushuka bonde springi ikakatika. Dereva aliruka. Utingo hakuwahi. Fundi alishuka kwa miguu siku mbili kutafuta vipande, akavipata. Ufa mpya hung'aa ndani, ule wa zamani huwa mweusi, na huu ulikuwa mweusi. Ulikuwepo tangu alipoikaza springi kwa mikono yake. "Tangu siku ile napaka mafuta ya taa, nafuta, nanyunyiza unga. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hulowesha unga, mstari unatokea. Pasipo na mstari ndipo naruhusu gari. Mweleze hivyo, karani. Na mtu yule alikuwa na mama, mweleze na hilo."

Sasa ilikuwa zamu yangu.

Ajali ile niliijua. Boma walishaiandika kuwa ni bahati mbaya, faili likafungwa. Niliona faili likifunguliwa. Niliona askari mlangoni kwa Fundi, na yule mama amesimama na ndoo yake. Nilijiona na mimi nikiulizwa kwa nini nilishauri swali lile. Bwana alikuwa ananingoja, kijiko kikizunguka kwenye chai.

Nikasema: "Ya tatu, Bwana, ilivunjika njiani kwa sababu aliizimisha majini. Sasa hutumia mafuta tu."

Basi. Niliacha kifo, na kwa kuwa unga hauna maana bila kifo, niliacha na unga. Kijiko cha Bwana hakikusimama.

Aliandika kidogo, kisha akanipa hukumu niipitishe. Mtu huyu ni mkweli na anajua moto. Lakini anatengeneza halafu anangoja barabara imwambie kama amekosea, na karakana inataka mtu anayekagua kabla gari halijaondoka. Achukuliwe kibarua, avukute mvukuto chini ya mhunzi kijana atakayeletwa.

Unaona nilichofanya? Kile Bwana alichokosa ndicho hasa nilichokificha mkononi.

Ningeweza kusema palepale. Ningeweza kurudi kesho yake, au juma lile. Badala yake nilitazama dirishani miezi minane, nikamwona mtu mzima yule amechuchumaa akimvukutia moto kijana ambaye hakujua kutofautisha rangi ya chuma ya jioni na ya mchana. Hakulalamika. Tukikutana alinisalimu vilevile. Kilichonichoma zaidi ni mke wake, aliyenisimamisha sokoni akanipa kibaba cha ulezi. "Ahsante, karani. Hatukwenda mkonge." Nilikipokea. Nilishindwa kuula ulezi ule, nikawapa kuku wa jirani.

Kisha nilikwenda likizo ndefu kwa wazazi. Niliporudi nilikuta barua mezani: nimehamishiwa kambi ya upande wa Namanyere, niondoke Jumatatu. Barua haikutaja sababu. Niliondoka bila kumuaga Fundi, na nilishukuru kuondoka.

Miaka ikapita. Nikaitwa Mbeya, mbele ya mabwana watatu, nieleze kazi yangu ili wanipime kama nafaa kuwa msimamizi wa kambi. Nilipanda lori la kwenda huko nikiwa nimekariri maneno yangu kama sala. Tulipofika Laela dereva akasimama, akasema pale yupo fundi wa serikali, lazima apitie springi kwanza. Nikashuka kunyoosha miguu, nikaona miguu miwili imetokeza chini ya lori, na unga umemwagika vumbini.

Nilitaka kurudi garini. Nakuambia kweli, nilishika mlango. Lakini alishatoka, nywele nyeupe zote, na akanitambua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, karani. Umenenepa. Namanyere kuna chakula."

Nyuma yake walisimama vibarua wawili wakisubiri amri yake. Nikamuuliza mambo yalikwendaje. Akanieleza huku akijifuta mikono. Siku moja, mimi nikiwa likizo, yule kijana alimaliza springi ya gari la Bwana mwenyewe. Fundi, bila kuruhusiwa, akaipaka mafuta ya taa, akafuta, akanyunyiza unga. Mstari ukatokea, Bwana akiwa amesimama hapo. Bwana akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe, nani fundisha hii?"

"Nikamwambia, aliyenifundisha amekufa. Nikamwambia alivyokufa."

"Ukamwambia yote?"

"Yote. Kiswahili chake kibovu kilitosha. Nikaitwa Boma, kwenye meza kubwa. Niliogopa hadi nikasahau jina la mke wangu. Wakauliza, nikaeleza. Wakaandika. Wakaniambia nenda nyumbani. Bwana akanipa pipa zima la mafuta ya kuzimishia, akaniambia kuanzia kesho springi ni zangu."

Nilisimama pale, jua la Laela kichwani, nikamuuliza nililoliogopa zaidi. "Fundi, ulijua siku ile kwamba niliacha?"

"Nilijua. Mimi nilisema maneno mengi, wewe machache. Na nilimtazama Bwana. Mtu akiambiwa mwenzake amekufa, haendelei kukoroga chai."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa mdomo gani? Mdomo wangu ulikuwa wewe." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Bwana aliniuliza baadaye kwa nini nilificha. Nikamwambia sikuficha. Mwezi uliofuata nikasikia umehamishwa. Mke wangu alilia, alikuwa anakupenda."

Yeye akarudi kukaza nati, na akiwa ameinama akauliza naenda wapi. Nikamweleza. Akasema, "Haya, nieleze kazi yako kama utakavyowaeleza."

Nikamwaga yote niliyoyakariri: miaka, kambi, barua nilizoandika, lugha ninazozijua, mabwana walionisifu. Alingoja nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sijasikia kazi. Nimesikia sifa."

"Ndizo watakazouliza, Fundi."

"Na waulize. Wewe waambie ya siku ile, na unachofanya tangu hapo. Kipo unachofanya tangu hapo?"

Kilikuwepo. Huko Namanyere nilijizoeza, kila nikimaliza kutafsiri, kumrudishia msemaji kwa lugha yake yale niliyoyapeleka, na kumuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini. Nikamwambia yeye.

Akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Na wakinifukuza?" nikauliza.

"Utarudi hapa. Nitakupa mvukuto uvukute, miezi minane." Akacheka mpaka akashika mgongo, na vibarua wake wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akapiga bamba la springi kwa kiganja akampigia dereva kelele aondoke kabla hajabadili mawazo.

Mbeya walinikalisha mbele ya meza ndefu. Yule wa katikati aliuliza kazi niliyoifanya vizuri. Maneno yote niliyokariri yalikuwa tayari, yamejipanga, yanasubiri tu. Nikasema, "Mabwana, nitaanza na siku niliyotafsiri vibaya, na mtu akaumia." Nikaeleza. Sauti ilitetemeka hadi mwisho, haikutulia hata kidogo, na hakuna aliyenikatiza. Waliniuliza maswali mengi juu ya kumrudishia msemaji maneno yake. Walinichukua, kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa kwanza.

Kwa hiyo wewe, leo hii, kabla hawajakuita, chagua kazi moja iliyoharibika mkononi mwako. Mweke mbele yako mtu asiyejua kazi yako. Mwambie ilivyoharibika, ulivyojua imeharibika, na unachofanya tangu siku hiyo, na usimalize mpaka aweze kukurudishia kwa maneno yake. Ukiingia kule ndani, anza na hiyo.